Huruma ya Mama Mkwe

Viazi vya Tabasuri havikukua ardhini. Mizizi yake ilining'inia ndani ya kasha, ikinyweshwa ukungu kwa pampu. Asubuhi mama mkwe wake aliionea huruma, akatia udongo kwenye tangi la maji, na matundu yote ya kupulizia ukungu yakaziba.

"Kisichoonja udongo ni yatima, mwanangu," alijitetea.

"Basi, mama, yatima wako sasa yu mahututi."

Tabasuri alinyunyizia mizizi maji kwa bomba la mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Mizizi ikikauka, mbegu za viazi za msimu zimekwenda. Na jua halikuwa na haraka ya kutua.

Mama mkwe akajaza maji kinywani, akainamia kasha, akapuliza kama dobi wa zamani anayelowesha kanzu kabla ya pasi. Ukungu ukatoka mwembamba kama ule wa pampu. Tabasuri akajibwaga chini, akamsikiliza akivuta pumzi, akijaza tena.