Ombi la Kufutwa

Zaituni alikuwa akichambua mchele ujumbe ulipoingia kwenye simu. Haukuwa wake. Ulitumwa kwa mumewe, Hamdani, ambaye akaunti yake ya kuhifadhi picha bado ilikuwa wazi kwenye simu hiyo. Alikwenda ng'ambo kutafuta kazi akapotea, na baada ya miaka minne ya kimya kadhi alisema ahesabiwe amekufa. Zaituni akakaa eda.

"Ndugu Hamdani," ujumbe ulisema, "kama ulivyoomba jana, na kwa mujibu wa sheria ya nchi unayoishi, tutafuta taarifa zako zote."

Jana? Aliusoma mara tatu, kisha akaipigia kampuni yenye akaunti hiyo. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Ombi limetoka kwake mwenyewe, mama. Tulimhakiki."

"Yuko nchi gani?"

"Samahani. Sheria haituruhusu kumwambia mtu mwingine."

"Mtu mwingine? Huyo tumemsomea hitima!"

"Pole, mama. Lakini taarifa ni zake."

Zaituni hakujua afurahi au akasirike. Hamdani yu hai, na alichotaka ni kufutwa.

"Naweza kupokea malalamiko," yule mwanamke alisema. "Ila kwenye fomu nikuandike nani? Mke wake, au mjane wake?"

Uani, binti yao alikuwa akianika nguo huku akiimba kwa sauti, na Zaituni akaiziba simu kwa kiganja ili sauti ile isiingie kwenye taarifa za kufutwa.