Terminali ya Nne

Lori lilikohoa mara mbili, likanyamaza.

Dereva akachungulia dirishani. "Limegoma, Kipimo. Limegoma kabisa, na mzigo wote huu mgongoni."

Kipimo alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa lori, amefungua sanduku la betri, anafuta ungaunga mweupe kwa kitambaa. Jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika zamani pale gereji. Walimwita Kipimo kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Mafundi wengine hutafuta hitilafu kwa mashine. Yeye huweka kiganja tu. Dereva akipiga stata, mota ya kuwashia injini, terminali, yaani kile kichwa cha betri kinachoshika waya, ikiwa imelegea au imeliwa na kutu hupata joto, na kiganja cha Kipimo kililinasa hata likiwa dogo kama la yai lililotoka kutagwa. Ukimwambia anunue mita ya kupimia umeme, atakuuliza kama na wewe ungependa kununua pua ya kunusia.

Siku hiyo bosi mwenyewe alitoka ofisini akaja kusimama kando ya lori. Alikuwa binti wa mwenye gereji wa kwanza, gereji ameirithi mwaka ule, na tayari alikuwa ameagiza mita ya kisasa na fundi wa kuitumia.

"Baba," alisema, maana alimwita hivyo tangu akiwa mdogo, "nisikufiche. Wiki iliyopita umekosea magari mawili. Ukilipata tatizo la hili, unabaki nasi. Ukilikosa, itabidi ukapumzike nyumbani."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Ng'ombe hazeeki maini!" Dereva alidakia kutoka juu. "Muache mzee afanye kazi."

Kipimo aliendelea kufuta. Kupumzika nyumbani, hilo ndilo jambo pekee aliloliogopa. Tangu azikwe mkewe, miezi mitatu sasa, hakuwa amedondosha hata chozi moja. Shemeji zake walisema ana roho ya jiwe, na yeye hakubisha. Alikuwa ameutafuta uchungu ndani yake asiuone. Alikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yake, alilala kwa sababu jua limekuchwa. Lakini kukaa kutwa nzima katika nyumba ile, kitanda kile upande mmoja umetandikwa, asingeweza. Kazi ndiyo iliyomtoa mlangoni kila asubuhi.

Na hata kutoka mlangoni kwenyewe kulikuwa kwa shida. Asubuhi hiyo alifika gereji na kandambili moja. Ya pili ilimvuka njiani asijue. Dereva alicheka hadi akashika mbavu. "Mzee, mguu mwingine umemwachia nani?" Kipimo alitazama chini, akaona kweli, akaenda kuazima ndara za msalani. Waliokuwepo wakanong'onezana kwamba ni mawazo, wakamwonea huruma.

Sasa alifungua vifuniko vya betri zote mbili, akamulika ndani. Maji yalikuwa yamefunika sahani za ndani ya betri vizuri. Akaagiza taa za mbele ziwashwe, nazo zikawaka kwa nguvu.

"Betri nzima," alisema. "Umeme upo, ila stata haiupati wa kutosha. Ama kuna terminali inauzuia njiani, ama stata yenyewe imekwisha."

"Kuishusha stata ni nusu siku," bosi akasema. "Mzigo huu unatakiwa kufika leo. Nataka uhakika."

"Utaupata. Dereva, piga stata, usiache mpaka niseme."

Stata ikajikongoja. Kipimo akaingiza mkono sandukuni, akagusa terminali ya kwanza, akatulia.

"Baridi," alisema. "Tena."

Stata ikajikongoja, safari hii taratibu zaidi. Ya pili nayo akaiona baridi. Ya tatu vilevile. Kijasho kilimtoka, ingawa jua lilikuwa bado halijawa kali. Ilibaki moja, na ikiwa hiyo nayo ni baridi, basi lawama ni ya stata na hakuna wa kumbishia. Aliposhika ya nne hakuigusa kama zile nyingine. Aliikumbatia kwa kiganja kizima, akaikandamiza kwa uzito wa bega lake, akafumba macho.

"Tena. Usiachie."

Dereva alishika ufunguo. Stata ililia kwa sauti ya chini, ikazidi kuchoka, na Kipimo akasubiri kwa subira ileile iliyomjengea jina. Alihesabu polepole hadi ishirini. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na bosi alipouona utulivu ule alijisikia vibaya kwa kumtilia shaka mtu aliyemfahamu tangu utotoni.

"Baridi kama ya maiti," Kipimo akasema hatimaye. "Zote nne. Shusheni stata."

"Una uhakika, Baba?"

"Mkono huu umewahi kukudanganya?"

Bosi alikumbuka yale magari mawili, lakini akatikisa kichwa. Akashusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi yaishe. Jumatatu nakutaka hapa, mapema."

Dereva akachomoa ufunguo, akaruka chini. "Jamani, nani anachoma nyama saa tatu asubuhi?" alitania, akinusa huku na huku. Kisha utani ukamkauka mdomoni. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka kwenye sanduku la betri.

"Waya!" bosi akapiga kelele. "Baba, kuna waya unaungua humo!"

"Upi?" Kipimo aliuliza bila haraka, akiinama kufuata waya mmoja baada ya mwingine kwa macho, huku kiganja chake bado amekikandamiza juu ya terminali ya nne, pale pale moshi ulipokuwa unatokea.