Maoni ya Mama Tunu

Kila albamu mpya ya roki aliyonunua Baba Tunu ilipita kwanza masikioni mwa mkewe. Mama Tunu hakuujua muziki huo wala hakuupenda. Alikuwa akichambua mchele tu, huku akiropoka. "Huyu anapiga mayowe kama kafungiwa chooni." "Hilo gitaa limewakosea nini?" Baba Tunu alicheka mpaka akapaliwa, kisha wakabishana mpaka wali ukaiva.

Jioni hii kaweka nyingine.

"Unaionaje, Mama Tunu?"

"Nzuri."

Akaweka ile mbovu, aliyojua fika kwamba ataitukana.

"Na hii?"

"Nayo nzuri."

Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kukaribisha wageni. Baba Tunu akazima spika. Zikabaki punje tu, zikikwaruza sinia.

"Na hii je?"

"Nzuri, Baba Tunu. Nzuri sana."

Akabaki kasimama, kidole kwenye kitufe, akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimuuliza mkewe jambo jingine lolote. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akaanza kutafuta chuya upande wa pili wa sinia.

Mama Tunu hakuinua macho. Ila vidole vyake vilisimama juu ya mchele.