Bahasha Nyekundu ya Kinue

Kinue aliingia studioni kwetu amebeba bahasha nyekundu. Katuni yake ya familia ya mbweha, aliyoichora jikoni kwa pesa za kubangaiza, imeshavuna yeni bilioni tisa. Yetu ilimeza bilioni mbili, ikarudisha vumbi.

"Shika, kaka," akaninyooshea bahasha. "Kumbi za sinema zikijaa, kila aliyenisaidia nampa sarafu ya bahati."

"Mimi nilikusaidia nini?"

"Si ulimwambia bosi anitimue?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Bosi akatazama dirishani. Kwa kijicho nikaitupa bahasha kwenye pipa la taka, nikajifanya nachonga penseli.

Alipotoka tu, nikainama nikatia mkono pipani.

Nikakuta mkono wa bosi umeshatangulia.