Moto Ulio Chini ya Mchanga Mweusi

Zamani mlima ulitapika moto baharini, mawimbi yakauponda ukawa mchanga mweusi. Kasa akafika ufukweni hapo kutaga.

"Shangazi, usichimbe sana," akasema Kaa, mwizi wa mayai, akimeza mate. "Moto wa mlima umelala chini. Utawachemsha wanao."

Kasa alikuwa hoi, akaamini. Akachimba kijishimo cha kiganja kimoja tu. Kabla hajataga, jua likapanda, mchanga ukachoma kama kikaango. Kaa akatimua mbio, akajitosa shimoni mwake, chini kabisa.

"Mwanangu, mbona waukimbilia moto?" Kasa akamwuliza.



Kasa akachimba mpaka kwenye ubaridi, akinong'ona: "Mola nisamehe. Uongo aliutunga Kaa, lakini niliyeupenda ni mimi, maana ulinipunguzia kazi."