Makubadhi ya Baba Mkwe

Majaliwa alikuwa ameshavua kiatu kimoja alipoyaona pale mlangoni makubadhi ya baba mkwe wake, yale yaliyoshonwa upya kwa uzi wa nyavu.

Humo darasani, hapa Dunda, hukutana kila Jumamosi watu wanaotaka kuacha pombe.

Mzee huyo ndiye aliyekuja mwezi uliopita kumchukua binti yake. Hawezi, alisema, kumwachia mlevi.

Majaliwa akakivaa tena kiatu chake.

“Pita, mwanangu.” Mzee alikwishamwona.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Mzee akasogea, akampisha kwenye dawati lake. Mtu hakai dawati moja na mkwewe, na wote wawili walilijua hilo. “Kaa hapa. Ndiyo kwanza naanza kueleza yangu.”