Dozi Iliyobaki

Vyuo vikuu vilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: hakuna utafiti unaopitishwa kabla mtafiti hajaujaribu nyumbani kwao. Kwa Mama Kheri, mwenye watoto watatu chuoni, sebule ilishageuka maabara.

Kheri, wa sheria, alikuwa akithibitisha kwamba ndani ya familia anayenyamaza ameridhia. Siwema, wa udaktari, alikuwa na dawa ya kuondoa majonzi. Makame, kitinda mimba, wa fasihi, alikuwa akichunguza wimbo ambao mama yao humwimbia marehemu baba yao kila Ijumaa, akilia.

Ijumaa hii Siwema alitia matone kwenye chai. "Mama, unakubali?"

Mama aliinamisha kichwa, kimya.

"Ameridhia," Kheri akasema.

Mama akanywa. Baada ya muda Makame aliwasha kinasa sauti, akamwomba aimbe. Mama aliimba wimbo wote bila kukosea neno, huku akichagua mchele, kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Alipomaliza akauliza, "Kuna lingine?"

Makame akaona baba yao amekufa mara ya pili. Machozi yakambubujika.

Siwema alimtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Mdogo wangu, imebaki dozi moja. Nikutilie?"

Makame alitaka kupiga kelele kwamba hataki, lakini kwikwi zilimbana, sauti haikutoka.

"Mpe tu," mama akasema, macho kwenye ungo. "Haina hata ladha."

Kheri alimkazia Makame macho mdomoni, akasubiri kidogo, kisha akamsogezea Siwema kikombe.